Msamaha Uliotumwa kwa Posta

12 Januari

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kama si mzima basi angalau uwe umeketi, maana nina habari. Mimi huku sijambo. Kikohozi kimeniacha, kibanda changu bado kipo palepale chini ya ngazi za jengo la bima, na wateja wanakuja, hasa akina mama wa ofisini wanaovunja visigino kwenye ngazi hizohizo. Sijawahi kuomba ngazi zitengenezwe. Vipi nyumbani? Paka ameshazaa? Ule mfereji wa bati uliokuwa unamwaga maji mlangoni umezibwa? Msalimie sana jirani yetu fundi bomba, na yule mama wa nyumba ya pembeni, na daktari wako wa meno.

Baada ya salamu, habari yenyewe ni kwamba nimeokoka. Najua unacheka. Cheka umalize, nitangoja hapa.

Ilianza na mteja. Ni shemasi wa kanisa lililo nyuma ya soko la vitambaa, mtu mnene, mpole, ambaye kila baada ya muda huniletea kiatu kilekile kimelika kisigino upande wa nje. Huwa anangoja kwenye kigoda changu na soksi zake, akinieleza mambo ya Mungu, na mimi nikiendelea kushona kwa sababu mtu hawezi kukimbia na kiatu cha mwenzake mkononi. Mwaka mzima nilimsikiliza kwa adabu ya biashara. Siku moja akaja, akafungua gazeti, hakusema lolote. Nikajikuta ni mimi ninayeuliza. Ndivyo nilivyonaswa.

Sasa niko darasa la ubatizo. Mwalimu wetu ni mstaafu wa forodha, na roho zetu anazikagua kama masanduku ya wasafiri: fungua hapa, na hiki ni nini, na mbona umekifunga kwenye nguo. Anasema kuamini kila mtu anaamini, kazi ni kufuata. Nimeacha pombe, nimeacha matusi. Nyundo ikinipiga kidole nasema "Bwana asifiwe", ingawa kidole chenyewe bado hakijashawishika. Nitabatizwa kabla ya Pasaka. Ningefurahi kama nawe ungefurahi.

Ndimi mdogo wako katika damu, na sasa katika Bwana.


3 Februari

Mdogo wangu mtakatifu,

Marahaba. Nilikuwa nimeketi, asante, kazi yangu ni ya kuketi. Paka amezaa na watoto wake wameshagawanywa. Mfereji umezibwa. Fundi bomba amepokea salamu, mama wa pembeni amepokea, daktari amepokea akiwa na vidole ndani ya mdomo wa mtu. Salamu zako zimeenea mtaa mzima. Zimeruka chumba kimoja tu, kile cha mbele, chenye meza ya kushonea viatu na mwenye meza. Baba hajambo. Asante kwa kutouliza.

Basi umeokoka. Hongera. Utanisamehe nisiporukaruka, maana hapa kazini watu huokoka kila siku. Mtu akishalazwa kwenye kile kiti, mdomo wazi, mashine inalia, hapo ndipo utasikia toba. Ataacha peremende, ataacha soda, atapiga mswaki asubuhi na jioni, hata mchana akitakiwa. Akimaliza anakuja mezani kwangu, ganzi bado iko shavuni, anachukua miadi ya kurudi kwa uso wa malaika. Kisha namtazama dirishani. Anavuka barabara, anafika kioski cha ng'ambo, ananunua biskuti. Kwa hiyo ukiniandikia kwamba umebadilika nakuamini kabisa. Nangoja tu uvuke barabara.

Nilimsomea Baba barua yako, yote, hata pale pa nyundo. Akauliza jambo moja: kisigino cha huyo shemasi kimelika upande gani. Nikamwambia umeandika nje. Akasema basi huyo anatembea kweli. Unamjua Baba, dini yake ni soli. Amewashonea wachungaji na amewashonea walevi, na hakuna aliyewahi kumdanganya anakokwenda, kwa sababu hamsikilizi mtu, anageuza kiatu.

Yeye mwenyewe hatembei sana siku hizi.

Ni mimi dada yako, katika damu tu.


27 Februari

Dada yangu,

Shikamoo tena. Mvua huku ni nyingi. Maji yanashuka kwenye ngazi kama yana miadi na mimi, nimeinua meza juu ya matofali na kigoda cha wateja kimehamia mlangoni kwa mwenye duka la saa, ambaye hajafurahi. Lakini sijambo, na barua yako ilinichekesha. Habari ya biskuti nilimsomea mwalimu wa ubatizo. Akasema nikuambie unakaribishwa darasani wakati wowote, tena ungewekwa mbele.

Sasa nikueleze jambo. Juma lililopita alitupa zoezi: kila mmoja amtaje moyoni mtu ambaye ana kinyongo naye. Nilimtaja mmoja. Jina lake hulihitaji.

Ulikuwepo, kwa hiyo sikuhadithii ili ujue, nakuhadithia ili uone ukubwa wa kilichosamehewa. Yule mteja alikuwa anawahi arusi. Soli imeachia mbele, yeye amesimama na soksi anatazama saa. Nikapaka gundi. Gundi nzuri, ya kopo, ambayo mafundi wote duniani wanatumia isipokuwa mmoja. Na huyo mmoja akatoka ndani, akakichukua kiatu mkononi mwangu, akakibandua mbele ya mteja, akasema kiatu kinashonwa, anayebandika ni karani wa posta, na kwamba yeye hana mwana anayebandika. Kisha akalibeba sanduku langu la vifaa, akaliweka nje njiani, akafunga mlango. Wateja wote kwenye benchi walikuwa wanatazama viatu vyao. Miaka mitano sasa, na nikilala upande wa kushoto bado nausikia ule mlango.

Basi nimemsamehe. Nimemsamehe kwa jumla: gundi, sanduku, mlango na maneno. Nilipiga magoti hapa chumbani kwangu na nilipoinuka nilikuwa mwepesi, sikutarajia. Mwambie.

Mdogo wako.


20 Machi

Mtumishi,

Marahaba. Hatujambo, mama wa pembeni amenunua redio na sasa sote tuna redio. Hapa kliniki kiti kimeharibika, kinashuka chenyewe mgonjwa akiwa juu, na daktari anasema kinasaidia watu kufungua mdomo.

Nimempa Baba msamaha wako. Akauliza ni wa nini. Nikamwambia wa lile sanduku. Akasema hakumbuki kuuomba. Nikautafutia mahali pa kuuweka, nimeuweka kabatini pamoja na vitu vingine vilivyofika kwa posta bila kuagizwa.

Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Hawakusema lolote kuhusu msamaha wa mbali, nadhani hawakumwona mtu wa kuujaribu. Mimi si msomi wa mambo yenu. Utotoni shangazi alinipeleka kanisani Jumapili kadhaa, nikakaa benchi la nyuma karibu na mlango, na nilichoondoka nacho ni kidogo. Lakini ninavyokumbuka, huyo unayemfuata alikuwa mtu wa miguu. Alikuwa anakwenda watu walipo. Alikwenda kwa wagonjwa, akaingia nyumba za watu wasiopendeza, akala huko. Sikusikia mahali popote kwamba alikaa chini ya ngazi za jengo la bima akiwasamehe kwa jumla. Labda lilisomwa Jumapili ambayo sikwenda.

Unasema umekuwa mwepesi. Nimefurahi. Huku kuna uzito wa kutosha, ukiona umepungukiwa. Fundi bomba hupita kila asubuhi kabla sijakwenda kazini, tunasaidiana kumwinua Baba kutoka kitandani mpaka kwenye kiti. Si mzito sana, ila ni mrefu, na hapendi kuinuliwa. Nikiandika neno "njoo" najua utanijibu kwa mstari wa kitabu, kwa hiyo siliandiki.

Dada yako.


18 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo. Nimebatizwa. Kuna birika la saruji nyuma ya kanisa, maji yake yalikuwa ya baridi kiasi kwamba ahadi zangu nyingi nilizitoa kwa haraka. Kanzu nyeupe waliyonipa ilikuwa fupi, goti nje, na nilipozamishwa nilikuwa bado nasema jambo, kwa hiyo nimebatizwa mpaka ndani ya tumbo. Nilipotoka nililia. Sikulia kidogo. Ukicheka hapa sitakujibu tena mwaka huu.

Kisha ikaja Alhamisi ya kabla ya Pasaka, tukaoshana miguu. Mimi nilipangiwa miguu ya shemasi. Fikiria, mwaka mzima nimeshika viatu vyake, siku ile nikashika miguu yenyewe. Watu wanaimba taratibu, maji ni ya vuguvugu, taulo ni jipya, na mimi nimepiga magoti mbele ya mtu. Nilisema moyoni, sasa nimeelewa kufuata ni nini.

Ndipo nikaanza kazi ambayo utaipokea pamoja na barua hii. Kifurushi ni cha Baba. Ni viatu, nimevishona mwenyewe jioni baada ya kufunga kibanda. Ni uzi mtupu, uliopakwa nta, hakuna tone la gundi, wala harufu yake. Kipimo sikuhitaji kuuliza. Miguu yake naijua tangu nilipokuwa nacheza chini ya meza: wa kulia umezidi kidogo, na kile kidole cha mwisho kinataka nafasi. Kwa hiyo cha kulia nilikitengeneza polepole zaidi, nikakifumua mara moja nikakianza upya. Nadhani ndicho kiatu bora nilichowahi kushona. Barua simwandikii. Viatu vitasema.

Kuhusu kumwinua asubuhi, najua, ni lile goti lake la siku zote. Mwambie akande kwa maji ya moto. Na huyu fundi bomba anayepita kila asubuhi, naomba kuuliza kama mdogo mtu tu: ni bomba gani hilo lisilopona?

Mdogo wako aliyeoshwa.


9 Mei

Mdogo wangu,

Salamu zote za mtaa zimo humu, zigawe mwenyewe. Kifurushi kimefika. Sasa keti wewe.

Viatu ni vizuri. Nalisema bila mzaha, na unajua linavyoniuma kusema jambo bila mzaha. Baba alifungua mwenyewe, hakutaka nimsaidie hata lile fundo. Akatoa cha kushoto, akakigeuza, akapitisha kidole gumba kwenye mshono wote kutoka kisigino mpaka mbele na kurudi. Kisha akakinusa. Alikuwa anatafuta gundi. Hakuipata, akakivaa.

Cha kulia alikiacha mapajani, kwa sababu hakina pa kwenda. Mguu wa kulia ulikatwa chini ya goti mwaka jana, kabla hujaanza hilo darasa lako. Ilikuwa sukari, pamoja na kidonda kidogo ambacho alikificha ndani ya soksi mpaka kikanuka. Alichomwa na msumari wa viatu. Fundi viatu. Hata mimi nilishindwa kulitania. Alinikataza nisikuandikie. Alisema mtu akija kwa ajili ya mguu, amekuja kuuona mguu. Nami sikubishana naye sana, kwa sababu nilitaka kuona kama utauliza. Nilikuachia mlango wazi mara mbili. Ukauliza habari za fundi bomba.

Alikaa na kiatu kimoja siku nzima. Kinambana, maana mguu uliobaki umevimba kwa kufanya kazi ya miwili. Nilimwambia avue, akasema kiatu kipya kinazoewa. Jioni ndipo akaniambia nikuandikie kwamba ameuona uzi. Ni hilo tu, usije ukalitolea ushuhuda.

Sasa nirudi kwenye miguu uliyoosha, maana sijaacha kuifikiria. Niambie kweli, miguu ya shemasi haikuwa imeshaoshwa kwao? Kwa sabuni, na kucha zimekatwa, na soksi zimetoka kwenye pasi? Sijaona mtu akaenda kuoshwa miguu mbele ya watu na miguu michafu. Hata hapa kliniki, mtu anakuja kung'olewa jino na amelipiga mswaki kwanza. Basi huku kuna mguu ambao haukujiandaa. Una magamba, una joto, na mwenyewe anatukana ukiugusa pabaya. Nyimbo hazipo, ipo redio ya mama wa pembeni. Tena ni mmoja tu, kazi imepunguzwa nusu. Hata mfuasi mvivu anaiweza.

Mengine ni ya kawaida. Daktari anafungua kliniki ya pili, mji mwingine, anatafuta wa kusimamia mapokezi. Ameniuliza, akaniuliza tena. Nimemwambia atafute mtu asiye na baba.

Dada yako.


30 Mei

Dada,

Shikamoo. Salamu leo sina.

Ulinyamazaje? Nilikaa jioni zangu zote nikikifumua kile kiatu cha kulia, nikakifikiria kidole cha mwisho kisije kikabanwa, na kidole hakipo, na wewe unaniandikia habari za redio. Nimekasirika na sijui nimkasirikie nani, nimeanza na wewe kwa kuwa anwani yako ninayo. Ningekuja. Ungeniandikia neno moja tu ningekuja.

Nakuja, lakini nisikilize kwanza kabla hujashika kalamu. Kanisa limenichagua niwe msaidizi wa shemasi. Nitasimikwa Jumapili ya kwanza ya Agosti, na kabla ya hapo kuna mafunzo kila jioni. Mchungaji mgeni ataalikwa. Joho limeshapimwa, na safari hii litafika chini. Siwezi kutoka katikati, mimi ni mchanga katika imani, watu watasema aliyepanda kwa haraka ameshuka kwa haraka. Na zaidi ya hapo nataka nikija nimfikie Baba nikiwa nimekuwa mtu, si yule wa sanduku njiani. Mwambie Agosti. Kila asubuhi ninamwombea, mguu uliopo na usiokuwepo.

Mdogo wako.


14 Juni

Mheshimiwa msaidizi wa shemasi,

Marahaba. Barua yako imefika. Mguu haujaota.

Nimemwambia Baba Agosti. Akauliza kama ni ya mwaka huu. Leo amevaa tena kile kiatu, naona hakimbani sana. Ama uvimbe umepungua ama amezoea maumivu, na hataki kuniambia ni lipi.

Daktari hajapata mtu bado, amesema atangoja mpaka mwezi ujao, zaidi ya hapo hawezi. Wewe usiache mafunzo. Asiyekuwepo na lake halipo, lakini joho litakuwepo, na nasikia limepimwa vizuri.

Dada yako.


8 Agosti

Dada yangu,

Shikamoo. Hapa nyumbani hatujambo, na nimeandika "hapa nyumbani" kisha nikakaa nikiyatazama maneno hayo kwa muda. Tangu ulipopanda basi na mizigo yako na ile sura ya mtu anayeogopa kuonekana amefurahi, mambo yamekwenda kwa kujikokota lakini yamekwenda. Paka ana mimba tena. Mfereji wa bati umeachia palepale. Fundi bomba anakuja kuutazama, anautazama, anauliza kama huko mjini kwenu mabomba yanavuja. Nimemwambia nitakuuliza. Nimeuliza.

Natumaini kliniki mpya ni nzuri na kiti chake hakishuki. Natumaini pia umeanza kulala mpaka asubuhi. Nakuomba usirudi kabla hujalala vya kutosha, hapa nipo mimi.

Sijakueleza nilivyoondoka kule. Nilipofika ulikuwa na kazi ya kunisimanga, ukaifanya vizuri, sikutaka kukukatiza. Barua yako ya "mguu haujaota" niliisoma shemasi akiwa kwenye kigoda na soksi zake. Nilicheka. Kisha nikashindwa kuacha, mpaka kicheko kikawa kitu kingine, na mwenye duka la saa akatoka kutazama. Nikampa shemasi asome. Alisoma polepole, akaniuliza kama dada yangu ni mtu wa kanisa. Nikasema hapana. Akasema ni bahati yetu, angekuwa mchungaji tungekoma. Halafu akanyoosha mkono nimrudishie kiatu chake. Nilimwambia bado, nimeshona nusu. Akakivaa hivyohivyo na uzi unaning'inia, akaniambia nifunge kibanda.

Kwa hiyo Jumapili iliyopita walisimika, na joho langu alivaa mwingine. Naambiwa lilimfika chini.

Sasa habari ya mguu, ambayo najua umeyaruka yote haya kuifikia. Kumwinua asubuhi alinikubalia tangu siku ya kwanza, kwa sababu hakuwa na njia. Mguu alikataa. Alisema wewe ndiye unayejua kuuosha, mimi nitauloweka kama ngozi. Hatuzungumzi sana. Anakaa kwenye meza yake, nami nimekaa upande wa pili na kazi zangu, na wateja wanaingia wanatuangalia kama wameona mizimu miwili. Nikishona ananitazama mikono. Hajasema lolote baya, na zuri hajasema. Lile sanduku langu la vifaa lipo chini ya benchi ya wateja, nimeliweka karibu na mlango bila kukusudia.

Jana, bila kunitazama, akaniambia nilete maji.

Nikaweka maji motoni, nikaingia chini ya meza ya kazi kutafuta brashi laini. Unakujua kule. Kuna yale magunia ya vipande vya ngozi, na nyuma yake, mahali ambapo mtu aliyeketi hawezi kupaona, kuna kopo la gundi. Ni aina ileile. Limetumika zaidi ya nusu, ukingo wake umeganda kwa kufunguliwa na kufungwa, na kibrashi chake kipo humohumo ndani. Nilitoa kichwa, nikachukua kiatu kimoja cha mteja kwenye rafu, nikakigeuza. Uzi hakuna. Nikachukua cha pili.

Nadhani ni macho. Sindano ilimshinda, na wateja hawangoji. Usinijibu kuhusu kopo hilo, dada. Baba hana mguu wa kwenda dukani, kwa hiyo najua ni nani aliyekuwa anakwenda.

Nilikaa sakafuni nimelishika. Miaka mitano ya yule mlango, na sasa ushindi wangu wote umo mkononi na una mfuniko. Maneno nilikuwa nayo tayari. Nimeyafanyia mazoezi tangu siku nilipookota vifaa vyangu njiani, mafupi, makali, ungeyapenda. Na msamaha wangu wa jumla niliokutumia kwa posta niliutafuta kila mahali chini ya ile meza, haukuwepo. Ilibidi nianze mwingine, palepale, wa rejareja. Uliniuma, sikuwa mwepesi hata kidogo. Yule mzee wa forodha alitufundisha kukagua. Hakutufundisha kwamba kuna vitu vya kupitisha bila kufungua.

Nikalifunga kopo, nikalirudisha nyuma ya magunia, nikalisogeza mpaka likakaa kama nilivyolikuta. Nikaja na beseni. Baba alikuwa ananitazama usoni namna anavyotazama soli.

"Brashi umeipata wapi?"

"Chini ya meza, Baba."

"Na kingine umeona nini huko?"

"Nimeona brashi tu."

Ni uongo wangu wa kwanza tangu ubatizo, na sijautubu mpaka ninapoandika. Maji yalikuwa yanatoa mvuke katikati yetu na redio ya mama wa pembeni inasoma bei za mazao. Kisha akakivua kile kiatu mwenyewe, kwa shida, akakiweka pembeni kwa adabu, akanyoosha mguu akauingiza kwenye beseni.

"Basi sugua, mwanangu," akasema.

Mdogo wako.